Steki ya jodari imeharibikia wapi?

Kipande cha jodari kilichobabuliwa sawasawa ukikikata katikati kinaonyesha rangi mbili tu. Pembeni kuna ukanda wa kahawia, mwembamba kama ukingo wa kikombe cha chai, na ndani yake nyama nyekundu, vuguvugu, yenye unyevu, inayokatika bila kubishana na kisu. Hicho ndicho kipimo. Ukikuta ukanda umekula kipande chote, au hakuna ukanda kabisa, au maji yanatambaa kwenye sahani, kuna hatua uliyoikosea, na mara nyingi unaweza kuijua kwa kutazama tu.

Nimeharibu jodari wengi kwenye jiko langu hapa Dar es Salaam. Kwa muda mrefu nilikuwa nalaumu moto, kumbe moto hauna kosa. Kosa lilikuwa limeshafanyika kwenye bakuli la viungo, kwenye karo nilipomwosha, au sokoni kabla hata sijamlipia. Sisi wa pwani tumezoea changu na kibua: ndimu, chumvi, halafu anakaangwa mpaka miiba inatafunika. Kibua anastahimili kwa sababu ana ngozi na mafuta yake. Steki ya jodari ni mnofu mtupu, mnene, usio na ngozi na wenye mafuta kidogo. Mchukulie kama sarara ya ng'ombe, nusu ya matatizo yataondoka.

Ili tuwe na pa kulinganishia, hivi ndivyo ninavyofanya siku ambayo mambo yamenyooka. Vipande viwili vya unene wa sentimita 3, kama gramu 200 kila kimoja. Vijiko viwili vya chakula vya sosi ya soya, kijiko kimoja cha mafuta ya alizeti, kijiko cha chai cha tangawizi iliyokunwa, na pilipili manga iliyotwangwa muda huo huo. Vinakaa nusu saa ndani ya friji. Navitoa, napangusa viungo, nakausha kwa karatasi za jikoni, napaka mafuta kidogo kwenye samaki mwenyewe, naweka kwenye kikaango kilichoanza kufuka. Dakika moja na nusu upande huu, moja na nusu upande wa pili, dakika mbili tatu za kupumzika kwenye ubao, nakata. Ndimu inasubiri mezani.

Ulimi unawasha kama umelamba pilipili

Hii naitanguliza kwa sababu haina tiba ya jikoni. Ukionja jodari ukahisi ulimi unachonyota, au ladha ya pilipili manga ambayo hukuitia, tema. Usiongeze ndimu, usirudishe motoni, na usimpe paka.

Nyama ya jodari ina histidini nyingi, moja ya vijenzi vya protini. Samaki akikaa kwenye joto, bakteria huigeuza ikawa histamini, na histamini ikishaingia haitoki: si kwa kukaanga, si kwa kugandisha, si kwa kukausha kwa moshi. Balaa ni kwamba samaki wa namna hiyo anaweza asinuke kabisa. Dakika chache hadi saa moja mbili baada ya kula, uso na shingo vinawaka na kuwa vyekundu, kichwa kinagonga, moyo unakwenda mbio, mwili unawasha, pengine tumbo linaendesha. Kwa kawaida hupita ndani ya siku, lakini mtu akianza kubanwa na pumzi mpeleke hospitali hapo hapo. Nina hakika baadhi ya wanaosema "mimi jodari hanipatani" hawana mzio wowote na jodari. Walikula aliyepigwa na jua.

Kinga yake ni barafu tu. Pale Feri, soko letu la samaki, nakwenda asubuhi, na deli langu lina barafu tayari. "Huyu wa leo, dada," kila mtu atakuambia. Swali la pili ndilo lenye faida: "Amewekwa barafu saa ngapi?" Muuzaji anayejibu kwa kummwagia jodari maji ya ndoo ili ang'ae, namshukuru nasogea meza ya pili. Ndani ya deli, barafu iwe nyingi karibu sawa na uzito wa samaki, na nyumbani friji iwe kwenye nyuzi 4 za Selsiasi au chini ya hapo. Usipitie saluni kwanza.

Na kama unakusudia kuacha katikati ikiwa nyekundu, nunua pande zima la mnofu, usinunue vipande vilivyokwisha kukatwa. Kisu cha sokoni kimepita kwenye samaki wangapi, na kimesuuzwa kwa maji gani? Ukifika nyumbani osha ubao wako na kisu chako, punguza nyama ya juu kidogo pande zote, ndipo ukate steki.

Juu imekuwa nyeupe kabla haijaona moto

Hii ndiyo kasoro yetu hasa. Tumelelewa tukiambiwa samaki bila ndimu ni shombo, kwa hiyo mkono unakwenda kwenye ndimu wenyewe. Asidi ya ndimu inafanya kazi inayofanana na ya moto: inazikunja protini, nyama inapoteza ung'avu na kuwa nyeupe. Kipande kikikaa saa nzima kwenye ndimu, milimita kadhaa za juu zimeshaiva kwa asidi, zimekauka, zinamenyeka kama chaki ukizigusa kwa kidole. Ukiziweka kikaangoni unazipika mara ya pili, na hazishiki rangi.

Sibishi kwamba ndimu inakata shombo. Inakata kweli. Ila jodari mbichi kwelikweli hana shombo la kukatwa, ananukia bahari kidogo na damu kidogo. Akiwa na shombo linalokuita ndimu ukiwa bado mlangoni, hapaswi kuwa steki.

Ukitaka ladha ya ndimu ndani ya viungo, iwe kijiko kimoja, na dakika 10 mpaka 15 zinatosha. Siki na ukwaju vivyo hivyo. Mimi siku hizi ndimu naikamua juu ya kipande kilichoiva, na tofauti unaisikia: inakuwa kali, mbichi, badala ya ule uchachu uliochoka. Kama kosa limeshatokea na steki zako zimeshakuwa nyeupe, usilazimishe kikaango. Katakata, tia kwenye kitunguu, nyanya, bizari na tui, uzipike mpaka ziive. Mchuzi wa nazi haujawahi kumuuliza jodari alipitia nini.

Jambo linalokwenda pamoja na hilo ni kulaza kwenye viungo usiku kucha. Watu wanadhani viungo vinazama mpaka katikati. Havizami. Vinaingia milimita chache tu, vingine vyote vinabaki juu, kwa hiyo baada ya nusu saa au saa moja umeshapata karibu kila utakachopata. Muda wa ziada unaongeza chumvi na kuharibu nyama ya juu, basi.

Nyama imelegea kama uji

Kuna vyanzo vitatu, na dawa zake hazifanani.

Cha kwanza kiko jikoni kwako. Tangawizi mbichi ina kimeng'enya kinachosaga protini, na papai bichi lina kikali zaidi. Ndiyo maana mpishi wa mishikaki hupaka papai bichi kwenye nyama ya ng'ombe ngumu. Jodari hana ugumu wa kulainishwa. Nilishawahi kujitia ujuzi nikampaka papai "kidogo tu", nikaenda kuswali na kuzungumza na jirani. Niliporudi nilikuta uso wa kipande umekuwa kama siagi iliyoachwa juani, na kidole kikapita. Papai liache kabisa. Tangawizi isizidi kijiko cha chai na nusu saa.

Cha pili kilitokea baharini, na huwezi kukitibu, unaweza kukikwepa tu. Jodari ni samaki wa kukimbia, na tofauti na samaki wengi misuli yake huwa na joto kuliko maji anayoogelea. Akipigana na mshipi muda mrefu, joto linapanda na asidi inajaa kwenye misuli. Asipotolewa damu na kupozwa haraka, nyama ya ndani inapauka, inalegea, inatoa maji na kuwa na uchachu. Wajapani wana jina la hali hiyo, *yake*, na kwao maana yake ni kuungua. Samaki ameungua kwa joto lake mwenyewe. Sokoni utaitambua nyama hiyo: imepauka kama ya kuku aliyechemshwa kidogo, na ukiibonyeza shimo halirudi. Inafaa kwa mchuzi, kwa steki haifai.

Cha tatu ni kuyeyusha vibaya. Jodari wa friza akitumbukizwa kwenye beseni la maji ya moto, nje inaanza kuiva, ndani bado jiwe, na maji yote ya nyama yanakimbia. Mhamishe kutoka friza kwenda friji usiku uliotangulia, juu ya kichanja au karatasi za jikoni ili asilale kwenye maji yake. Kama alifungwa kwenye mfuko ulionyonywa hewa, utoboe au umtoe kabla ya kuyeyusha. Mfuko usio na hewa unawafaa bakteria fulani hatari sana wanaozaliana mahali pasipo na oksijeni.

Inatoa maji, inapauka, haibabuki

Kasoro hii unaisikia kabla hujaiona. Kipande kikavu kikigusa chuma cha moto kinalia *chwaaa* moja kali, ndefu, isiyoshuka. Kipande chenye maji kinaanza na *chwaa* hiyo hiyo, halafu baada ya pumzi mbili sauti inazama, inakuwa ya kutokota, na mvuke mweupe unapanda. Chungulia chini yake utaona vijipovu. Hapo hubabui tena, unachemsha.

Sababu ni rahisi na haina huruma. Maji yakiwa yapo, joto pale juu ya nyama haliendi mbali zaidi ya nyuzi 100. Ile rangi ya kahawia na harufu yake tamu huanza kuja vizuri kuanzia kama nyuzi 140. Kwa hiyo kila tone ulilolibakiza lazima likauke kwanza, na wakati linakauka joto linapenya ndani na kuivisha katikati. Unamaliza ukiwa na kipande cha kijivu pande zote, kisicho na ganda nje wala wekundu ndani.

Maji yanatoka wapi? Kwanza, kwenye bakuli. Watu wanachota kipande kikiwa kinachuruzika viungo na kukitupa kikaangoni wakiamini ladha ndiyo hiyo inayochuruzika. Ipanguse. Kisha kausha kwa karatasi za jikoni, juu, chini na ubavuni, na usione haya kutumia tatu nne. Kitambaa safi cha pamba kinafaa pia. Mimi nikiwa na muda, baada ya kukausha narudisha vipande kwenye friji bila kufunika kwa dakika 20, na hewa kavu ya friji inamalizia kazi.

Pili, chumvi. Ukinyunyiza chumvi ukaacha dakika kumi, utaona matone yanachipuka juu ya nyama kama jasho. Kama hukutumia soya, tia chumvi dakika ile ile unayoweka kikaangoni.

Tatu, chuma chenyewe. Sufuria nyembamba ya alumini inapata moto haraka na kuupoteza haraka, ukiweka kipande cha friji inapoa papo hapo. Unahitaji kitu kizito. Huhitaji kununua kikaango cha bei mbaya: lile tava la chuma la chapati, zito, jeusi, lililorithiwa, ndilo bora kuliko vyote jikoni kwangu. Vikaango vyenye utando usionata vina nafasi yake kwenye mayai. Utando wao huanza kuharibika ukipita nyuzi 260, na kikaango kitupu juu ya moto mkali hufika huko upesi kuliko unavyodhani.

Pasha tava dakika nne au tano, halafu dondosha tone la maji. Likitulia na kuchemka, bado. Likivingirika huku na huko kama gololi, tayari. Kama unatumia mtungi mdogo wa kilo 6 wenye jiko juu yake, moto wake unajikusanya katikati, kwa hiyo babua kipande kimoja kimoja. Vipande vinne vilivyobanana vinapoza chuma na kubadilishana mvuke, na mvuke ule hauna pa kutokea. Jiko la mkaa hapa linashinda gesi waziwazi. Subiri makaa yawake yote na kuvaa majivu mepesi, uweke tava juu, nje kwenye baraza. Moshi nao unabaki nje, maana kazi hii ikifanywa sawasawa lazima ifuke.

Imenata, ukigeuza inachanika

Umegeuza mapema. Nyama ikigusa chuma inakishika, na ganda likishajijenga inajiachia yenyewe. Subiri dakika moja kabla ya kujaribu, inua pembe moja kwa koleo, ikikataa iache. Kama hata baada ya dakika mbili inakataa, basi tava halikuwa na moto au kipande kilikuwa na maji, rudi juu usome tena.

Mafuta yapake kwenye samaki, si kwenye tava tupu ambapo yanaungua yakisubiri. Alizeti iliyosafishwa inahimili vizuri, na samli safi pia. Mafuta ya nazi ya kukamua nyumbani nayapenda kwa harufu, ila yanaanza kufuka mapema, kwenye nyuzi 175 hivi. Hayo nayatia tone mwishoni.

Nje nyeusi na chungu, ndani baridi

Tazama ulichotia kwenye viungo kabla ya kupunguza moto. Asali, sukari na ukwaju uliotiwa sukari vinaungua vibaya ndani ya dakika moja juu ya chuma chenye moto wa kubabua, na vipande vya kitunguu saumu vinaungua kabla ya hivyo. Wageni wangu wa kwanza wa jodari waliletewa sahani zenye vipande vyeusi vilivyonukia asali iliyoungua. Walikula kwa adabu. Mmoja aliomba achari mara tatu.

Kitunguu saumu kiponde, kikae kwenye soya punje nzima nzima ili kitoe harufu, kisha kitoe chote kabla ya moto. Utamu uje baadaye. Yale maji ya viungo yaliyobaki kwenye bakuli yamegusana na samaki mbichi, usiyamwage juu ya chakula hivyo hivyo. Yatie kwenye sufuria ndogo, yachemke kwa nguvu dakika mbili tatu, ongeza asali hapo, yakiwa mazito kidogo unayo sosi. Kama hukutia sukari yoyote na bado nje imeungua ndani ikiwa baridi kama maji ya mtungi, basi kipande ni kinene kupita sentimita 4. Babua nje, kisha punguza moto na ufunike dakika moja.

Kavu kama ubao

Hapa ndipo malalamiko mengi yanapoishia, na mara nyingi watu wanatafuta viungo vya kulainisha wakati kinachohitajika ni saa.

Weka jicho usawa wa tava, utazame ubavu wa kipande. Kinapogusa moto, ubavu wote ni mwekundu. Baada ya sekunde chache mstari wa kijivu unatokea chini na kuanza kupanda, kama maji yanavyopanda ukutani wakati wa masika. Huo mstari ndio kipimajoto chako. Ukifika milimita 5 au 6, geuza. Upande wa pili ukifanya hivyo hivyo, katikati kunabaki sentimita moja na nusu au mbili za wekundu. Ukisubiri mistari miwili ikutane, umechelewa, kwa sababu joto linaendelea kupanda hata baada ya kutoa. Ndiyo maana natoa mapema kidogo na kuacha ipumzike.

Kwa kipande chembamba hesabu hiyo haifanyi kazi. Mchuuzi akikukatia kwa mazoea anakata sentimita moja na nusu, kwa kuwa anajua unakwenda kutia kwenye mchuzi. Kipande hicho kinaiva mpaka ndani kabla ganda halijapata rangi. Mwonyeshe kwa vidole viwili vilivyolala pamoja: unene huu hapa. Kama umeshaletewa vyembamba, viache friji mpaka dakika ya mwisho, babua upande mmoja tu, upande wa pili uguse chuma kwa sekunde kumi. Ubaridi unakusaidia. Usifuate ule ushauri wa kuacha nyama mezani saa nzima ipoteze baridi. Huenda unafaa nchi za baridi, Dar ya Februari unamrudisha jodari kule kwenye histamini.

Sasa, si kila mtu anataka wekundu. Mjomba wangu wa Tanga alikitazama kipande changu kizuri, akakisukuma kwa ncha ya uma: "Mwanangu, huyu bado anaogelea." Ana haki yake. Na kwa mama mjamzito, mtoto mdogo, mzee au mgonjwa, sitoi chenye wekundu kabisa. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani inataja nyuzi 63 katikati ya samaki kama kipimo cha kuiva. Jodari wakubwa pia hukusanya zebaki, kwa hiyo mjamzito asimfanye chakula cha kila siku hata akiwa ameiva. Kwa kuivisha bila kukausha: babua pande zote mbili kama kawaida, punguza moto uwe wa chini, tia kijiko cha samli na vijiko viwili vya maji, funika, dakika mbili mpaka tatu. Ukitenganisha nyama kwa uma na kukuta tabaka zimeachana, na katikati waridi limekwisha kuondoka dakika hiyo hiyo, toa.

Ukavu mwingine ni wa kisu. Jodari aliyeiva vizuri lakini aliyekatwa kwa kufuata nyuzi anatafunika kama kamba. Tazama nyuzi zinaelekea wapi, kata kwa kuzipinga.

Chumvi imezidi

Kijiko kimoja cha chakula cha soya kina karibu gramu 2 za chumvi au zaidi kidogo. Ukitia vinne, kisha ukanyunyiza chumvi "ya kuonja", umemaliza. Punguza soya kwa maji nusu kwa nusu, na chumvi nyingine usiweke. Iliyokwisha kuzidi kula na wali mweupe na tango, usiongeze sosi.

Rangi inayokutia wasiwasi

Jodari aliyekaa friji siku moja au mbili anageuka kahawia juu. Ni ile rangi nyekundu ya misuli, mayoglobini, imekutana na oksijeni, kama tufaha linavyogeuka ukilikata. Friza za nyumbani hazizuii hilo. Kahawia peke yake haimaanishi ameoza, na hapo pua na kidole ndivyo vinavyoamua: utelezi, harufu ya amonia, nyama isiyorudi ukiibonyeza, mtupe.

Ninayemwogopa zaidi ni yule aliyependeza kupita kiasi. Niliwahi kununua vipande vya barafu kwenye duka moja mjini, vyekundu kama tikiti maji, na siku ya nne ndani ya friji vilikuwa vyekundu vile vile huku harufu ikiwa imeshageuka. Nyama ikipigwa gesi ya kaboni monoksidi hushika wekundu usiopotea. Marekani wanaruhusu, Umoja wa Ulaya hawakubali, na kwako mpishi tatizo ni moja: rangi imeacha kukupa habari. Usimpime huyo kwa macho.

Ule mng'ao wa kijani na zambarau kama mafuta ya taa juu ya maji, unaouona kipande kikigeuzwa kwenye mwanga, ni mwanga unaocheza kwenye nyuzi zilizokatwa. Hauna neno.

Shombo halitoki hata uoshe

Usioshe. Tazama kipande: kuna sehemu ya nyama nyeusi, karibu rangi ya ini, inayopita ubavuni mwa samaki na kuonekana kama pembetatu kwenye steki. Shombo na ladha ya chuma vinakaa humo. Itoe yote kwa ncha ya kisu kabla ya kuweka viungo, usiogope kupoteza gramu thelathini. Sehewa, yule mdogo, ana nyama nyeusi nyingi mno kwa kazi hii. Yeye nampeleka kwenye mchuzi wa ukwaju bila kujiuliza.

Hiyo nyeusi haitupwi. Naichemsha kwa ndimu, chumvi na tangawizi (hapo ndimu imwage utakavyo), naichambua, naichanganya na viazi, kotimiri na pilipili mbuzi, natengeneza katlesi. Na steki zilizobaki za jana zinaingia humo humo. Ukizipasha tena kwenye tava, ule mstari wa kijivu utamaliza safari yake.